Pua ya Kobe

Jumapili, Machi 2

Leo mke wangu amenishinda tena. Mimi nilikuwa ndani ya gari, yeye kwa miguu, tunapanda mlima uleule kwenda kwa binti yetu. Nilipofika juu nilimkuta ameshavua viatu, ameshakunywa chai, na kikombe kimeshapoa. "Umekuja?" akaniuliza, kama mtu aliyepata mgeni asiyemtarajia.

Gari langu mtaani wanaliita Kobe. Jina silikatai, ila kobe wa kweli angalau hufika bila kusukumwa. Huyu wangu husukumwa. Chini ya mlima kuna kibanda cha mshona viatu, na Jumapili hukaa hapo wanaume wasio na la kufanya. Mkubwa wao ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa malori aliyestaafu kazi lakini hakustaafu mdomo. Akiniona tu huinuka na kupaza sauti: "Jamani, mgonjwa huyo! Inukeni tumpeleke!" Basi wanasukuma na kuimba, na mimi nashika usukani kwa heshima, kama ninayeendesha.

Mke wangu hapandi. Hapandi tangu mvua za mwaka jana, Kobe alipozimika katikati ya mlima naye yumo ndani. Breki ziliteleza kwenye tope, tukarudi kinyumenyume mpaka kwenye ua wa michongoma. Hakuumia mtu. Ila tangu siku hiyo, gari likielekea mlimani yeye hushuka na kusema, "Tutaonana huko," na kweli tunaonana.

Binti yetu ni muuguzi, na huongea na kila mtu kana kwamba amelazwa. Leo kaninyooshea mkono. "Baba, mvua zinakuja. Nipe ufunguo. Kuna mtu ananunua vyuma vikuukuu."

"Gari langu si kuukuu. Limechoka tu, kama mimi."

"Ndiyo hilo ninalosema, Baba."

Tumebishana mpaka mama yake akatuambia tunamtia kizunguzungu. Mwisho tumekubaliana. Kabla ya Mei kuisha, nimpandishe mama yake mlima huu, ameketi ndani ya gari, bila kusimama na bila kusukumwa. Nikifaulu, neno ufunguo halitatoka tena kinywani mwa binti yangu. Nikishindwa, ufunguo ni wake, na Kobe anakwenda kukatwa vipandevipande.

"Na Mama akikataa kupanda?" nikauliza.

"Hilo la kwako na mkeo."

Mke wangu akaomba chai nyingine.

Machi 3

Nimeanza kuandika haya kwa sababu nitashinda, na mshindi asipoandika mwenyewe, shemeji atasimulia. Shule niliiacha mapema. Mwalimu wangu alilia, nadhani kwa furaha.

Machi 5

Nimempeleka Kobe kwa Fundi. Fundi ni mpwa wangu, mtoto wa kike wa dada yangu. Kasomea magari chuoni, gereji ni yake, na ukimwita "mtoto" anakupa spana ushike kisha anakusahau nayo mpaka jioni.

Kafungua boneti, kapitisha mkono nyuma ya taa ya mbele. Kisha kachomoa kitu kama soksi ya plastiki iliyokanyagwa na ng'ombe.

"Mjomba, gari hili liliwahi kugongwa hapa mbele?"

"Kabla yangu. Nililinunua likiwa na makunyanzi hayo."

"Basi hii ndiyo pua yake. Imebondeka. Injini yako haijazeeka, inakabwa."

Sikumwelewa. Akanipa mrija wa soda. "Uweke mdomoni, ubane pua, uzunguke uwanja wa gereji." Nikazunguka nusu uwanja na kuona nyota mchana. Mafundi wengine wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi hakucheka. Akasema, "Sasa fikiria uko hivyo na unapanda mlima, umebeba na Shangazi." Ndivyo anavyomwita mke wangu. Akaeleza kwamba petroli haiwaki bila hewa. Barabara tambarare injini hunywa hewa kidogo, mlimani hutaka kubugia, na ya kwangu ikitaka kubugia inakuta mrija.

"Tukiipa pua kubwa, hewa baridi kutoka nje, kisha nikarekebisha kabureta ili petroli ilingane na hewa, litapanda. Siahidi litaruka."

Ana kazi za watu mpaka wiki ijayo. Akaniambia, "Usiguse kitu, Mjomba."

Nikamwambia, "Mimi? Niguse nini?"

Machi 6

Nimegusa.

Machi 8

Kwa wauza spea za mitumba nimepata chujio la hewa la magari ya mashindano, lina umbo la pia, jekundu kama mdomo wa bibi harusi. Nimelitoa lile boksi la zamani lote, nikalifunga hili juu ya kabureta, wazi, chini ya boneti. Nikawasha. Sauti! Kuku wa jirani wamehama ua. Nikikanyaga mafuta linanguruma, nikiachia linapiga mluzi.

Mke wangu katoka jikoni. "Nani anasaga kokoto?"

"Hizo ni nguvu, mama watoto."

"Zikimaliza kusaga, nguvu hizo, ziniletee maji."

Jumapili, Machi 9

Tulipofika chini ya mlima mke wangu kashuka, kasema tutaonana. Mimi nikapanda kwa kelele ambayo hata marehemu waliisikia. Watoto walikimbia kando ya barabara. Shemeji hakuinuka kwenye benchi lake, na nikasema moyoni, leo nimemweza.

Katikati ya mlima ngurumo zilikuwepo, mwendo haukuwepo. Nikakanyaga mpaka mwisho. Kobe alipiga kelele zaidi na kwenda polepole zaidi, kisha akasimama, bado ananguruma.

Nikawasikia nyuma wanakuja, viatu vinaburuza. Shemeji kainama dirishani, katabasamu meno yote aliyobakiwa nayo. "Debe tupu, shemeji yangu. Debe tupu." Wakasukuma.

Binti kanipokea getini. "Nilidhani ni lori."

"Asante, mwanangu."

"Lori lililokwama."

Machi 11

Fundi kaja nyumbani. Kalitazama lile chujio jekundu kama daktari anayetazama dawa ya mganga. Kaniambia niendeshe mpaka sokoni na kurudi, kisha kafungua boneti. "Weka mkono hapo, usiguse chuma, hewa tu." Nikaweka, nikautoa haraka. Moto kama tanuri la mikate.

"Hiyo ndiyo hewa unayolilisha. Hewa ya moto ni nyepesi, haina shibe. Umelifungua mdomo, sawa, lakini umelifungulia jikoni."

"Na sauti je?"

"Sauti ni yako, Mjomba. Gari halili sauti."

Nilijisikia mdogo, nikamtania kidogo kuhusu mume ambaye hajapata, akanitania kuhusu akili ambazo mimi sijapata, tukawa sawa. Kasema kitakiwacho ni chujio likae ndani ya boksi lililofungwa, na bomba pana lilete hewa ya nje. "Bomba la upana gani?" nikauliza. Akakutanisha vidole vya mikono yote miwili, akafanya duara. "Jumamosi nitakuja nalo. Tutalipitisha juu."

Nilikitazama kile kiduara cha vidole. Kisha nikaitazama nyumba yangu.

Machi 13

Bomba nimepata. Sikununua wala sikuiba. Lilikuwa limesimama ukutani, halina kazi, mvua yenyewe haijaja.

Nimelikata kwa msumeno, nikaliunganisha na boksi la chujio kwa mpira wa tairi na klipu, nikalipitisha chini, mdomo wake unatokea chini ya bampa, pale upepo unapopiga. Fundi alisema juu, lakini juu ni mbali na chini ni karibu, na mgongo wangu hauna masomo ya chuo.

Machi 15

Fundi kaja, kakuta kazi imekwisha. Kazunguka gari, kachuchumaa, kachungulia mdomo wa bomba.

"Liko chini mno. Mvua ikija?"

"Mvua iko wapi?" Mbingu ilikuwa bluu kama sahani.

"Haya. Mbingu haikuulizi, Mjomba." Hata hivyo karekebisha kabureta, huku kaweka sikio kwenye injini kama anayesikiliza umbea. Kazungusha skrubu kidogo, kasikiliza, kazungusha tena. Mara Kobe akaacha kutetemeka. Sikuwahi kujua kwamba kutetemeka kule kulikuwa ugonjwa. Nilidhani ni tabia.

Tukatoka barabarani. Nimempita mwenye baiskeli! Naye alikuwa anakanyaga kwa moyo wote.

Jumapili, Machi 16

Nimepanda!

Peke yangu, kweli, na juani, kweli, lakini nimepanda gia ya pili mpaka getini na hakuna mkono uliomgusa Kobe. Nilipopita kibandani shemeji alikuwa ameshainuka na kukunja mikono ya shati. Nikampungia kama wanavyopunga wakubwa. Kwenye kioo nilimwona anapungua, anapungua, kasimama katikati ya barabara na mikono yake mitupu.

Nilikuwa nimeshavua viatu, nimeshapewa chai, mke wangu alipotokea getini anahema.

"Umekuja?" nikamwambia.

Binti alicheka, kisha akajirudi. "Mama hakuwemo ndani, Baba." Kweli, hakuwemo. Kazi ya gari imekwisha, imebaki kazi ya mke, na hiyo haina spana.

Machi 20

Mvua.

Ilianza alfajiri, nzito, na mimi nilikuwa kitandani nikiisikiliza kwa raha, mpaka niliposikia sauti ambayo si ya kawaida, maji yanapiga ukuta wa jiko. Kisha sauti nyingine, ya kawaida kabisa, mke wangu ananiita kwa jina langu lote.

Maji ya paa, ambayo siku zote hushuka kwa bomba kuingia kwenye pipa lake, yalikuwa yanarukia ukutani, yanapita dirishani, yanashukia mfuko wa unga. Pipa lilikuwa tupu. Ukutani zimebaki klipu tu, zimekumbatia hewa.

"Bomba langu liko wapi?"

Nikasema labda wezi. Akavuka uwanja kwenye mvua ile, akainama mbele ya Kobe, akaliona. Lina doa la rangi ya kijani la siku tulipopaka dirisha. Akaligonga kwa ukucha, mara mbili, taratibu. Akaingia ndani.

Machi 21

Hajasema.

Machi 22

Kasema: "Chumvi."

Machi 23

Nimeweka bati lililokunjwa mahali pa bomba. Maji yanaingia pipani, mengine yananiingia mimi. Shemeji kaja kushuhudia. Kaniambia, "Dada yangu nilikupa na bomba lake. Ukimrudisha, mrudishe kamili."

Machi 27

Tulikuwa tunapeta mchele, kimya, naye ghafla akasema bila kuinua macho: "Lile bomba ni la nani?"

"Lako."

"Na lile gari linapanda kwa sababu ya bomba?"

"Bomba na kabureta."

"Kabureta sikuiuliza." Akapeta, akapuliza makapi. "Basi humo ndani nina hisa. Siwezi kukaa pembeni watu wanajisifu na mali yangu. Nitapanda. Kwanza barabara tambarare, nione bomba langu linavyofanya kazi."

Nilimwaga mchele.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua na shemeji. Afadhali mvua.

Aprili 6

Naandika haya usiku, viatu bado vimelowa.

Mvua ilikatika saa nne asubuhi, mke wangu akasema ndiyo leo. Kavaa viatu vyake vizuri, vile vyeusi vya kamba. Kaketi mbele, mkoba magotini, mkanda kaufunga mwenyewe na kuuvuta mara tatu. Tulizunguka barabara ya sokoni kwa raha. Alianza hata kuwasalimu watu, kidole kimoja, kama malkia. Alisema, "Linakwenda." Nilitaka kulia.

Pale barabara inapoteremka karibu na daraja dogo maji yalikuwa yametuama, ya rangi ya chai ya maziwa. Magari mawili yalipita mbele yetu, maji hayakufika nusu ya tairi. Nikaingia. Tulipofika katikati Kobe akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia, gluku, kama mtu aliyepaliwa, akasimama palepale. Hakukohoa wala hakutetemeka. Alinyamaza kama kapigwa nyundo.

Maji yakaanza kuingia chini ya milango. Nikaona viatu vyeusi vinazama.

Mkono wangu ulikwenda kwenye ufunguo. Dereva yeyote hufanya hivyo, gari likizimika unapiga stata. Mke wangu akaufikia kabla yangu. Kauchomoa, kaufunga kwenye pindo la nguo yake, fundo mara mbili.

"Wewe! Lete, niwashe tutoke!"

"Tangu lini wewe ukigusa kitu kinapona? Mpigie Fundi."

Nikampigia Fundi, nikijua yeye ataniunga mkono. Nilipotamka neno maji akapiga ukelele mpaka mke wangu akausikia. "Usipige stata! Mjomba, umenisikia? Usiguse! Limemeza maji. Ukiizungusha injini na maji yamo, yatakunja vyuma vya ndani, na hapo hakuna gari tena. Umeshapiga?"

Nikamtazama mke wangu. Naye alikuwa anatazama mbele.

"Sijapiga," nikasema.

"Mungu mkubwa," akasema Fundi.

Mtu alipeleka habari kibandani. Wakaja wote, na shemeji mbele. Nilijiandaa kwa wimbo. Hawakuimba. Shemeji aliingia majini na suruali yake ya Jumapili, akaenda moja kwa moja upande wa dada yake, akafungua mlango, akamwambia, "Nishike shingo." Kambeba mpaka pakavu, mtu mwenye goti bovu. Kisha wakamtoa Kobe, wakamsukuma mpaka gereji. Yule mtu nimemtukana humu tangu Machi. Sifuti nilichoandika, ila naongeza hili.

Gerejini Fundi alifungua plagi zote nne. Akamwomba mke wangu ufunguo, mke wangu akafungua fundo, akampa yeye, si mimi. Fundi akazungusha. Maji yakaruka kutoka kwenye matundu ya plagi kama chemchemi, yakampiga shemeji usoni, naye akasimama vilevile, akisikiliza pamoja nasi. Fundi alizungusha tena. Tena. Maji yakawa ukungu, ukungu ukaisha. Akainua mkono tunyamaze. Sote tulisikiliza kile chuma kikizunguka, na mimi sikujua nasikiliza nini, nilitazama uso wake tu.

"Hakijakunjwa kitu," akasema. "Bahati yako imo kwenye pindo la Shangazi."

Nilipogeuka kumshukuru mke wangu alikuwa ameshaondoka, peku, viatu mkononi.

Jioni binti alikuja nyumbani. Nilimsubiri na maneno yangu yote tayari, hakunipa nafasi ya kuyatumia. Alikaa chini akampangusa mama yake miguu. Kisha akasema, hata hakunitazama: "Mwaka jana mliporudi nyuma, nilikuwa nimesimama getini. Niliona tangu mwanzo. Nilikimbia, Baba. Nilikimbia na mlima wote bado ulikuwa mbele yangu."

Sikuwa najua. Mwaka mzima nimemwona kama askari anayetaka kuninyang'anya, kumbe ni mtu aliyewahi kukimbia asifike.

Aprili 8

Nimemwambia Fundi afanye anavyotaka, mimi nitashika spana. Kasema vizuri, na akaanza na breki. "Pua nimekuja kuiomba," nikasema, "breki sijaomba." Akasema kupanda ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kusimama pale unapotaka wewe, si pale inapotaka michongoma. Breki zote, mbele na nyuma.

Aprili 12

Shemeji kaja gerejini na kitu kimefungwa kwenye gunia. "Malori yote pua yao iko juu ya paa," kasema. "Uliwahi kuona lori linanusa barabara?"

"Ulijua siku zote?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Ulinipungia mkono tu."

Ndani ya gunia kilikuwa kifuniko cha pua ya lori lake la mwisho, cha chuma, mviringo kama uyoga, kinazuia mvua isiingie. Kakitunza miaka yote chini ya kitanda. Kakisugua kwa kanzu kuukuu kabla ya kumkabidhi Fundi.

Aprili 19

Fundi kachomelea bomba la alumini, limetoka kwenye boksi la chujio, likapenya madigadi, likapanda kando ya kioo cha mbele upande wa abiria mpaka juu ya paa, na uyoga wa shemeji kileleni. Kwenye kona ya chini katoboa kitundu kidogo, tone likipotea njia lipate pa kutokea. Kabureta kairekebisha upya.

Mtaa mzima umepita kutazama. Kobe kaota mkonga. Mtoto mmoja kauliza kama anapulizwa kutoka pale.

Aprili 27

Barabara ya mlimani imekuwa uji. Hakuna gari linalopanda, hata yale mapya yanayowasha taa mchana.

Mei 4

Uji.

Mei 11

Lile bomba lililokatwa nimeliunga, nimelirudisha ukutani na klipu mpya. Maji yanashuka pipani kwa adabu. Mke wangu kaligonga kwa ukucha, karidhika.

Nikamwambia, na nilikuwa nimelifikiria neno hili wiki nzima: "Sasa bomba lako limerudi. Humo garini huna hisa tena, na huna lazima. Binti akitaka ufunguo, nitampa."

Alitazama maji yanavyoshuka. "Nani kakuambia nimeuza?"

Mei 18

Shemeji na wenzake wamemwaga kokoto kwenye yale mashimo mawili mabaya ya mlimani. Nimewauliza nani kawatuma. Wamesema wamechoka kusukuma.

Jumapili, Mei 25

Jumapili ya mwisho. Mvua tangu asubuhi, nyembamba, ya kudumu. Nilimwambia mke wangu tungoje ikatike. Akasema, "Ikikatika watasema ulipanda juani." Kavaa vile viatu vyeusi, vimekunjamana sasa, na kavifunga kamba.

Pale kwenye maji karibu na daraja nilipunguza mwendo, sikusimama. Maji yalipanda mpaka kwenye bampa. Juu ya paa, kavu kabisa, Kobe alikuwa anavuta hewa. Tukatoka upande wa pili tunachuruzika, na mke wangu akaachia pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Aprili.

Kibandani wote walikuwa wamesimama, mvua inawapiga. Shemeji akakimbia kando ya dirisha. "Tutakuwa nyuma yenu!"

"Mkigusa nimeshindwa!"

"Hatugusi!"

Nikaweka gia ya pili, nikakanyaga. Upande wa mke wangu, sikioni mwake, pua mpya ikaanza kuvuta, vuuu, sauti ya chini, ya mtu mzima, si makelele yale ya mwanzo. Kobe akaukabili mlima. Kwenye kioo niliwaona wanaume kama kumi wanakimbia nyuma yetu kwenye tope, mikono yote juu kama watu wanaoibiwa, ili yeyote anayetazama aone kwamba hawajagusa.

Tukafika kwenye michongoma. Nilijua, naye alijua. Gurudumu la nyuma likateleza, Kobe akayumba, makalio yakaenda kushoto. Mwaka jana hapa ndipo nilipokanyaga na hakukuwa na kitu chini ya mguu. Leo nilikanyaga, na kilikuwepo. Alivuta pumzi ndefu, ndefu, nikaisikia ikishuka bombani, kisha gurudumu likang'ata kokoto na akapanda. Kapanda kama anayekumbuka jambo alilokuwa akilijua ujanani. Michongoma ikapita, nyumba ya mwisho ikapita. Nyuma yetu wasukumaji walikuwa wadogo, mmoja kaanguka kwenye tope na bado mikono yake iko juu.

Binti alikuwa getini. Alikuwa na mwavuli mkononi na hakuufungua, kalowa kichwa mpaka miguu. Nikasimama mbele yake, pale nilipotaka mimi. Nikazima. Nikamwonyesha ufunguo.

Aliutazama, akamtazama mama yake, akaweka kiganja chake juu ya boneti, kama wanavyopima homa.

"Uweke mfukoni kwako, Baba," akasema. Sauti yake haikuwa ya wodini.

Nikafungua mlango nishuke. Mke wangu hakusogea. Mkoba bado uko magotini.

"Geuza gari," akasema.

"Tumeshafika, mama watoto."

"Najua tumefika. Geuza, tuteremke, tupande tena."

"Kwa nini?"

"Nilifumba macho njia nzima."

Binti yangu alicheka mpaka akashika geti. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia na maji yake yote. Tukateremka, breki zikishika kila nilipozitaka, tukageuzia kibandani, na nikaweka gia ya pili.

Wasukumaji walikuwa bado njiani kupanda, mikono sasa iko viunoni, wanahema. Safari hii nilimchungulia mke wangu kwa pembe ya jicho. Macho yalikuwa wazi, na kioo cha dirisha kilikuwa chini, na kichwa chake kilikuwa nje kwenye mvua, anampigia kelele kaka yake:

"Pisha njia, wewe! Huoni gari linapita?"